KUHAMISHA REJISTA YA ZAMANI YA KOMPYUTA BILA KUPOTEZA WATU

Katika ofisi zetu za miradi, kuanzia hapa Sagana hadi Karatina na Nyeri, bado utakuta rejista zilizowekwa kwenye kompyuta miaka ya tisini: watoto waliolipiwa karo, wazee wanaotembelewa, akiba za akina mama. Tuseme ziliandikwa kwa Access 97, ambayo faili lake huishia na herufi mdb. Siku kompyuta mpya inapoletwa, karani anabonyeza faili na kukataliwa. Hapo watu husema, "Data imekufa." Haijafa.

Sababu ni hii. Mwaka 2007 Microsoft walileta aina mpya ya faili, accdb. Kwa muda programu zao ziliendelea kusoma zile za zamani, lakini kuanzia Access 2013 faili la Access 97 halifunguki kabisa. Kwa hivyo safari ni ya matatu mbili. Tafuteni kwanza kompyuta yenye Access 2007 au 2010, hata kwa kuazima. Fungueni faili hapo, mlihifadhi kama accdb, ndipo mlipeleke kwenye mashine mpya. Mkikosa kabisa, iko programu ya bure iitwayo mdbtools, inayotumika kwenye Linux. Hiyo hutoa majedwali tu; fomu na ripoti mtazitengeneza upya.

Kabla ya yote, nakala mbili za faili la zamani, kila moja mahali pake. Stima ya hapa kwetu haipigi hodi ikiondoka, basi tumieni laptopu yenye chaji. Na asiwepo mtu mwingine amelifungua faili hilo.

Sasa tuje kwenye tarehe, maana hapa ndipo watu hupotelea. Makarani wa zamani waliandika mwaka kwa tarakimu mbili, na pengine kama maneno tu, si kama tarehe. Mkibadilisha safu hiyo iwe tarehe, kompyuta inakisia. Kwa desturi ya Access, 00 hadi 29 huwa miaka ya 2000, na 30 hadi 99 miaka ya 1900. Mzee aliyezaliwa 1928 anakuwa wa 2028! Hajazaliwa, kwa hivyo hatoki kwenye orodha ya wazee, na hakuna atakayeuliza mbona hatembelewi. Mpaka huo hutegemea Windows ilivyopangwa, basi jaribuni kwa majina machache kwanza. Angalieni pia kama mashine inasoma siku kwanza au mwezi kwanza: 5/12 ya kwetu ni Desemba, ya Kimarekani ni Mei.

Namba za simu ziacheni kama maneno. Zikifanywa hesabu, sifuri ya mbele inaanguka. Katika ofisi moja huku mlimani kijana wa kompyuta alizigeuza hivyo, akafuta faili la zamani, akalipwa akaenda. Sifuri zilirudishwa kwa mkono, jina baada ya jina.

Mkimaliza, hesabuni majina ya zamani na mapya, yalingane. Jumlisheni akiba pande zote mbili. Kisha chukueni vitabu vya wanachama kumi, mlinganishe shilingi kwa shilingi na mwenyewe akiwa ameketi hapo. Mama aliyeweka akiba tangu 1998 anajua kitabu chake kuliko kompyuta.

Jambo lingine ambalo mafundi wengi hawalitaji: ule ulinzi wa kale wa kumpa kila mtumiaji jina na ruhusa zake haumo kwenye accdb. Wekeni nenosiri jipya siku hiyo hiyo. Habari za magonjwa na umaskini wa watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na flashi yenye majina hayo haifai kuzungushwa kwenye saiba.

Faili la zamani lisifutwe. Nakala moja ikae kwenye kabati lenye kufuli, na karatasi juu yake ikisema ni programu gani, tarehe ya kuhamishwa, na nani aliyehesabu.