Somo katika Kuandika Madeni, Amana na Wasia

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumsalia Mtume wake na jamaa zake na sahaba zake, twasema:

Ndugu Waislamu, ni ada yetu watu wa pwani, jeneza likishawekwa mbele ya imamu, husimama mmoja katika jamaa za maiti akasema: Mwenye kumdai marehemu na atuone. Ada hii ni njema, wala siipingi. Walakini tazameni upungufu wake. Aulizwaye ni mdai, na yule aliyekuwa akiijua hesabu ni maiti, naye hasemi tena. Huenda mdai yuko safarini, au ni yatima asiyejua kwamba babake aliweka fedha kwa mtu, au ni mjane mwenye haya. Na huenda akaja mwongo akadai kisicho chake, na warithi wasiwe na la kumjibu. Yote haya yangaliondolewa na waraka mmoja, lau marehemu angaliuandika alipokuwa mzima.

Jua ya kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, imekuja katika kuandika deni. Humo imeamrishwa deni la muda liandikwe pamoja na muda wake, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye atakayetamka ya kuandikwa, na mashahidi wawekwe, wala watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Kilichotolewa ni biashara ya mkono kwa mkono. Na maulamaa wetu wa Kishafii wamesema kwamba kuandika huku ni sunna, si faradhi, kwa sababu aya ya pili yake imewaruhusu watu kuaminiana.

Ukisema: Kumwandikia ndugu yangu si kumtuhumu? Jawabu ni kwamba aya hiyo imeanza kwa kuwaita walioamini. Walioambiwa waandikiane ni watu wa msikiti mmoja, wala si wezi wa njiani. Na mimi nimeona udugu mwingi ukivunjika kwa deni lisiloandikwa, wala sijaona hata mmoja uliovunjika kwa kalamu.

Ama mtu akiyafikiri mauti, hukumu yageuka. Katika Hadithi aliyoipokea Ibn Umar, nayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia haimfalii kulala masiku mawili pasina wasia wake kuwa umeandikwa, nao uko kwake. Ibn Umar mwenyewe, tangu kuyasikia hayo, hakulala usiku mmoja ila wasia wake uko kwake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 H. (1277), alipoisherehesha Hadithi hii amesema kwamba asili ya wasia ni sunna, lakini mwenye deni, au haki ya mtu, au amana, kwake ni wajibu. Kisha akaongeza mambo mawili ambayo watu wengi hawayajui. La kwanza, mtu hakukalifishwa kuandika kila siku mambo madogo madogo yanayorudi rudi. Basi asije mtu akasema dini yamtaka aandike kila andazi alilokopa asubuhi akalilipa jioni. La pili, maandishi peke yake hayatoshi katika madhehebu yetu mpaka yashuhudiwe. Karatasi iliyofichwa chini ya godoro, isiyojulikana na mtu, haina nguvu mbele ya kadhi.

Wala usidhani kwamba jambo hili ni la mafukara tu. Zubeir bin Awwam (R.A.), mmoja katika kumi waliobashiriwa Pepo, siku ya vita vya Jamal, mwaka wa 36 H. (656), alimwita mwanawe Abdullah akamwusia deni lake, kwani ndilo lililomtia hamu kuliko yote. Asili ya deni lile ilikuwa ni wema. Watu walikuwa wakimletea mali awawekee amana, naye hukataa, akataka iwe mkopo, kwa kuchelea isije ikapotea. Maana amana ikipotea pasi na uzembe hailipwi, na mkopo hulipwa kwa vyovyote. Alipouawa, Abdullah alihesabu akaona deni ni 2,200,000. Hapakuwa na dinari wala dirhamu, ila nyumba na ardhi. Na katika hizo ni ardhi ya Ghaba, ambayo Zubeir aliinunua kwa 170,000 ikauzwa kwa 1,600,000. Deni likalipwa. Warithi wakataka kugawa, Abdullah akakataa. Akanadi miaka minne katika msimu wa hija: mwenye deni kwa Zubeir na aje tumlipe. Baada ya hapo ndipo alipogawa.

Zubeir aliusia, tena alimwusia mwana mwenye elimu na nguvu, na juu ya hayo warithi walingoja miaka minne. Je, wewe usiyeusia wataka wanao wangoje miaka mingapi?

Basi chukua daftari, uanze kwa mahari ya mkeo. Nalitaja mbele kwa kuwa ndilo deni linalosahauliwa kuliko yote: mtu huoa kwa mahari ya kuakhirishwa, akakaa na mkewe miaka thelathini, akafa, na mali ikagawanywa, yule mama akapewa thumuni yake, na mahari yake yasitajwe. Na mahari ni deni. Hutolewa kabla ya urithi, kisha ndipo apewe fungu lake. Uandike na fedha za upatu zilizo mkononi mwako, na mchango wa msikiti, na mali ya yatima. Mwenye kuchanganya amana na fedha zake hata zisitambulikane, amekwisha kuwa mdhamini wake. Hali kadhalika mwenye kushikwa na maradhi ya kufisha asiirudishe amana wala asiiusie. Aliyekufa kwa ghafla ndiye mwenye udhuru. Tena uandike shamba la minazi mlilonunua wawili na hati ikaandikwa jina lako, na hisa ya mwenzio katika jahazi.

Kisha haki za Mwenyezi Mungu: mwezi uliotimia mwaka wa zaka yako, nadhiri, na saumu za kadha. Mwenye kuchelewesha kadha bila udhuru hata ikaingia Ramadhani ya pili, juu yake ni kadha na mudi ya chakula kwa kila siku, na mudi hiyo huzidi kwa kuzidi miaka. Asiyeandika atajuaje?

Andika hivi: Nadaiwa na fulani bin fulani, muuza nguo wa mtaa fulani, shilingi 40,000, tangu mwezi 3 Rajabu mwaka fulani, kulipwa Shaabani, hana rahani kwangu. Uandike kwa hati waijuayo warithi wako. Wazee wetu waliandika kwa herufi za Kiarabu, na leo wako wajukuu wasioweza kuzisoma. Na wako waandikao katika simu ya mkononi, ikafungwa kwa nambari za siri azijuazo mwenyewe tu. Huyo na asiyeandika, kwa warithi, ni mamoja. Wasomee mashahidi wawili waadilifu, na mkeo ajue daftari ilipo. Na ukilipa deni, lifute siku ile ile mbele ya mdai, kwani warithi wasiojua huenda wakalilipa mara ya pili kutoka mali ya mayatima.

Ama thuluthi, na nani ausiwaye na nani hausiwi, yatakuja katika sehemu ya pili inshallah. Wallahu aalam.