Sarufi Haitoshi Safarini: Somo Kutoka kwa Familia Trapp

Wengi wetu tunaijua familia Trapp kwa filamu ya mwaka 1965, The Sound of Music, inayoishia kwa familia kuvuka milima kwa miguu. Kwa kweli walipanda treni kwenda Italia mwaka 1938, baada ya Hitler kuinyakua Austria. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo walifika New York kuimba ili wapate chakula, na Kiingereza chao kilikuwa kidogo mno. Kwa mwanafunzi wa lugha, habari yenyewe inaanzia pale filamu inapokwisha. Nimechagua mifano minne ya safari zao ili nijibu swali moja: zaidi ya sarufi, mgeni anahitaji kujua nini?

1. Swali la ofisa
Viza zao za wageni ziliisha Machi 1939. Wakaenda kuimba nchi za Skandinavia, wakarudi New York mwezi wa Oktoba, vita vikiwa vimekwisha kuanza Ulaya. Bandarini ofisa alimwuliza Maria, mama wa familia, wanataka kukaa muda gani. Kwa furaha akajibu kwamba hataki kuondoka tena kamwe. Sentensi ilikuwa na maana wazi, na moyo wake ulikuwa mweupe. Lakini kinywani mwa mwenye viza ya mgeni, maneno hayo ni ungamo la kutaka kuvunja sheria. Familia iliyokuwa na mtoto asiyetimiza hata mwaka ikazuiliwa Ellis Island kwa siku kadhaa, nyuma yao pakiwa na Ulaya ya vita.

J. L. Austin alitufundisha kwamba kusema ni kutenda. Maria alidhani anashukuru. Mbele ya ofisa alikuwa anatoa tamko. Mahali, cheo cha anayeuliza na karatasi iliyo mkononi ndivyo vilivyoamua kitendo kile kiitwe nini.

2. Askofu mlangoni
Maria alijifunza Kiingereza kwa kusikiliza watu, na rafiki mmoja alimpa maneno ya mitaani. Siku moja, yeye na askofu wakikutana mlangoni, alitaka kumpisha kwa adabu. Akatumia neno ambalo vijana hulitumia kumwambia mtu atoke upesi. Maana ya msingi, yaani kwenda, alikuwa nayo. Alichokosa ni habari ambayo kamusi ndogo haiitoi: nani humwambia nani neno hilo.

3. Jina la kundi
Mwanzoni walijiita kwaya. Meneja wao wa pili, Freddy Schang, aliona kwamba kwa Wamarekani neno hilo lina harufu ya kanisa, na mnunuzi wa tikiti angedhani anaitwa kwenye ibada. Wakawa Trapp Family Singers, yaani waimbaji. Watu walikuwa walewale na sauti zilezile. Neno moja lilibadilisha kile ambacho msikilizaji alikitazamia kabla hajaketi.

4. Nzi
Wakati huo familia iliimba muziki mzito, nyuso zimetulia, bila kuzungumza na watu. Kwao hiyo ilikuwa heshima kwa muziki. Kwa Wamarekani ilikuwa ubaridi. Maria anasimulia kwamba siku moja alimeza nzi katikati ya wimbo. Aliposhindwa kuendelea, aliwaeleza watu waziwazi kilichompata. Ukumbi mzima ukacheka, na kuanzia hapo ubaridi ukavunjika. Kimya nacho kina maana, na maana hiyo haifanani kila mahali.

Na sisi?
Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wasiojua lugha ya wenyeji. Sikubali. Mwanakwaya wa Lubumbashi anayekwenda kuimba Kigoma au Dar es Salaam anakijua Kiswahili tangu utotoni. Atamsalimu mzee: « Jambo, baba », kwa heshima yote tunayoijua hapa kwetu. Mzee yule alikuwa akingoja « Shikamoo » ili aitikie « Marahaba ». Na kule « jambo » ni salamu anayopewa mtalii. Kijana anadhani ameheshimu, mzee anasikia amepunguziwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyekosea ngeli. Hatari yetu inazidi ile ya Maria. Yeye, kwa lafudhi yake, alionekana mgeni na kusamehewa. Sisi, kwa kuwa tunasema Kiswahili, tunahesabiwa kuwa tunajua.

Dell Hymes aliuita ujuzi huu umilisi wa mawasiliano: kujua nini kisemwe, kwa nani, wapi, na lini mtu anyamaze. Katika mitihani yetu tunapimwa upatanisho wa kisarufi na mnyambuliko wa vitenzi, na ni haki. Lakini naomba walimu wetu watuongezee swali moja: sentensi hii sahihi, ikisemwa mpakani, kwa mzee au jukwaani, inatenda nini?

Zoezi: chukua salamu tatu unazozitumia nyumbani. Kwa kila moja andika nani anaanza, nani anaitikia, na katika mji gani mwingine wa Kiswahili ingeleta kicheko au hasira. Kisha linganisha na mwenzako aliyekulia Bukavu au Kalemie.