Hela ya Zahanati Iko Wapi?

Swali gumu kuliko yote kwenye mkutano wa kijiji huulizwa kwenye mengineyo. Jua limeshapinda, wazee wanawaza sala ya alasiri, akina mama wameanza kukunja mikeka, ndipo kijana wa nyuma anasimama: "Mwenyekiti, hela ya zahanati iko wapi?" Watu wanacheka, wengine wanapiga makofi, mjumbe mmoja anafoka, "Kaa chini wewe!" Mwenyekiti anafunga mkutano. Ikifika magharibi kijiji kizima kina jibu, na kila baraza lina la kwake.

Mwongozo huu ni wa wenyeviti na watendaji wa vijiji vya Ngorongo na kata nyingine za Rufiji na Kibiti, wakiwemo walioshika kiti kwa mara ya kwanza baada ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024. Unahusu lile swali la nyuma: namna ya kulipokea, kulichuja na kulijibu bila kumfanya aliyeuliza kuwa adui wa kijiji.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu nani mkubwa. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na ndio wenye kauli ya juu kabisa katika mambo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kuanzia 15 hadi 25, hutenda kwa niaba ya mkutano huo. Kwa hiyo kijana anayeuliza hela iko wapi hajavamia kikao cha wakubwa. Ni mwajiri anayedai taarifa. Mwenyekiti anaweza kudhibiti muda, lugha na zamu za kusema. Swali lenyewe hana mamlaka ya kulifuta.

Mikutano mingi huharibika kabla haijaanza, kwenye karatasi ya ajenda. Taarifa ya mapato na matumizi ikiwekwa mwisho na kusomwa mbiombio, unakuwa umewaomba watu waje na tetesi. Ipandishe juu, mara tu baada ya yatokanayo. Ibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji siku kadhaa kabla ya mkutano, kwa maandishi makubwa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na nani alisaini. Mtu aliyesoma hesabu ubaoni atauliza kuhusu mstari fulani. Ambaye hajaona kitu atauliza kuhusu tabia yako, na hilo ni swali baya zaidi kujibu.

Sasa swali limeulizwa, tena kwa ukali. Tuseme maneno yenyewe ni haya: "Kamati ya ujenzi wote wezi, wamekula saruji yetu." Hapo watu wanakuangalia wewe. Usimwambie athibitishe papo hapo. Akishindwa atanyamaza kwa hasira, na saruji itabaki haijulikani ilipo. Usimruhusu mwenyekiti wa kamati kurukia jibu. Muulize aliyesimama mambo mawili tu: umeona nini, na unataka tufanye nini? Mara nyingi sana chini ya neno "wezi" kuna jambo dogo na la wazi. Labda aliisikia kamati ikitaja mifuko 60, naye alisaidia kushusha gari na kuhesabu 42.

Hapo mgeukie mtendaji, ambaye kisheria ndiye katibu wa mkutano, aandike huku watu wakisikia. Asiandike "mwananchi mmoja aliishutumu kamati." Aandike hivi: "Mkazi wa kitongoji alihoji kwa nini taarifa inasema mifuko 60 ya saruji ilinunuliwa ilhali iliyoshushwa ilikuwa 42. Kamati ya ujenzi ilete risiti na daftari la stoo kwenye mkutano ujao, na nakala zibandikwe ubaoni wiki moja kabla." Kisha aisome kwa sauti na kumuuliza mwenye swali kama ndivyo alivyosema. Akikubali, mnaendelea na ajenda.

Mimi naamini kazi nzima iko hapo. Mgambo na kengele ya mezani havitulizi mkutano kama kalamu ya mtendaji inavyoweza. Anayeona lalamiko lake limeandikwa sawasawa na kupewa tarehe hana tena sababu ya kupaza sauti, na anayetuhumiwa anapata nafasi ya kujibu kwa daftari badala ya kujibu kwa jazba. Tusi lenyewe, yaani lile neno "wezi", halina haja ya kuingia kwenye muhtasari. Mwambie kwa upole: "Kaka, swali lako tumelichukua. Hilo neno tuliache mpaka risiti zije." Ukianza kumhubiria adabu kabla ya kuchukua swali, watu watasema unakwepa, na hawatakuwa wamekosea sana.

Mambo yanakuwa mazito pale mtuhumiwa anapokuwa wewe. Mwenyekiti hawezi kugawa zamu za kusema kwenye shauri lake mwenyewe. Omba mkutano uchague mtu wa kuongoza ajenda hiyo peke yake, kaa pembeni na wananchi wengine, na ujibu ukipewa nafasi. Najua wengine huona huko ni kujivua nguo. Lakini mwenyekiti anayejitetea huku ameshika kipaza sauti hujibu kila hoja mara mbili na kusikika nusu. Hesabu zikiwa na utata kweli, mkutano unaweza kuazimia kumwandikia mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya kupitia ofisi ya kata, amtume mkaguzi wa ndani. Mwananchi mwenye ushahidi wa rushwa naye asizuiwe kwenda TAKUKURU au kupiga simu ya bure 113. Kumwambia "mambo ya kijiji yaishie kijijini" ni kumfundisha kuwa kijijini hakuna pa kusemea.

Kuna ukosoaji ambao haumlengi kiongozi, unalenga jamii nzima, na huku kwetu hutoka zaidi kwenye suala la mifugo. Tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, na makundi mengi ya ng'ombe kuja Pwani na Lindi, mkutano ambao haukutaja ng'ombe kuingia mashambani ni wa bahati. Mtu atasimama na kusema "hawa watu waondoke wote," akitaja kabila. Hapa uwe mkali kidogo. Kabila halijibiwi wala haliwekewi azimio. Mrudishe kwenye tukio: shamba la nani, tarehe ngapi, mazao gani, nani aliona ng'ombe, alama gani. Akijibu hayo, ana hoja, na hoja hiyo ina njia zake: tathmini ya bwana shamba, usuluhishi, na kama mgogoro ni wa mpaka wa ardhi, Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Mkutano mkuu haujaundwa kuwa mahakama. Ukiugeuza mahakama, atakayeshinda ni mwenye ndugu wengi.

Swali la "nani kampa mwekezaji ardhi yetu?" ni tofauti, na wenyeviti wengi huliogopa bure. Sheria hiyohiyo ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kwa hiyo jibu lipo au halipo kwenye daftari la mihtasari. Fungua ukurasa, soma tarehe na azimio. Kama ukurasa huo haupo, sema haupo, na suala liingie kwenye ajenda rasmi.

Halafu kuna maswali ambayo kijiji chote hakina majibu yake. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba katika kata kadhaa za Rufiji na Kibiti, na swali lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa moja: haya ni ya mvua au yamefunguliwa bwawani? Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 22, 2022, na mashine yake ya kwanza ilianza kuzalisha umeme mapema mwaka 2024, kwa hiyo swali halikuzuka hewani. Serikali na TANESCO walieleza kwamba mvua zilizidi kawaida na kwamba bwawa lilipunguza makali ya mafuriko badala ya kuyaleta. Wapo walioridhika, wapo wasioridhika. Watu wa hapa wana kumbukumbu ndefu na mto: baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwaweka kwenye vijiji vya mwinuko, na mpaka leo wengi wanaishi juu na kulima chini. Mto ukibadilika, ratiba ya mpunga na ya kilimo cha mlau, kile kinachofuata maji ya mafuriko yakipungua, inabadilika, na anayeuliza anauliza kuhusu chakula chake.

Mwenyekiti akiulizwa hilo ana vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuitetea serikali kwa maneno ya kubahatisha. Cha pili ni kuungana na wanaolaumu ili apigiwe makofi. Vyote viwili vitakurudia. La kufanya ni kusema wazi kwamba kijiji hakina takwimu za mto, kisha mkutano uandae maswali yanayojibika: katika siku zile za Aprili, maji kiasi gani yalitolewa kila siku, na onyo lilitumwa kwa nani na kwa njia gani? Barua iende TANESCO na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyoko Iringa, nakala kwa mkurugenzi wa wilaya. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi za umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Barua ikigongwa mhuri wa kupokelewa, tarehe ya jibu inajulikana, na mkutano ujao unajua unachokisubiri.

Tembo na nguruwe nao wana maswali yao, hasa kwa vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. "Mwaka jana tembo walikula shamba langu, kifuta jasho kiko wapi?" Kifuta jasho hulipwa kwa mazao, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufa. Madai mengi huishia njiani kwa sababu taarifa ilichelewa kufika na tathmini haikufanyika shamba likiwa bado na nyayo. Hapa jibu zuri ni la kitendo: mtendaji amwite afisa wanyamapori aje mkutanoni kueleza madai ya msimu uliopita yamefikia wapi, jina kwa jina.

Uangalifu mmoja unahusu historia ya karibu. Mwaka 2016 na 2017 wenyeviti, watendaji na viongozi wengine wa vijiji waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja huko Kibiti. Familia zilizopita humo bado ziko nasi. Kwa hiyo mtu akisema mkutanoni "tutaonana usiku," au "tunakujua nyumbani kwako," hata kwa kucheka, hayo si maoni makali. Ni tishio. Mwenyekiti amkatishe hapohapo, yaandikwe kama yalivyotamkwa na yafikishwe polisi. Upande wa pili wa jambo hilohilo: asiitwe mchochezi mtu aliyeuliza bei ya saruji. Ukichanganya viwili hivyo, wenye maswali watanyamaza, na wenye vitisho hawahitaji mkutano.

Ukimya nao haumaanishi watu wameridhika. Akina mama wengi wanaoketi kwenye mikeka upande wao hawasimami kumhoji mwenyekiti mbele ya mashemeji na wakwe, ingawa wao ndio wanaojua zahanati ilikosa dawa siku zipi. Wajumbe wanawake wa halmashauri wakusanye maswali yao mapema, kisimani na siku ya kliniki, wayalete bila majina, na yasomwe kabla ya maswali ya papo kwa papo. Mara nyingi swali la kwanza likishasomwa, mwenyewe anasimama kulifafanua.

Kalenda nayo ina uzito wake Ngorongo. Mkutano mkuu unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, lakini msimu wa kuamia mpunga nusu ya kaya ziko bondeni kwenye madungu, zikifukuza ndege na nguruwe. Mkutano wa hesabu ukiitishwa wakati huo utakuwa wa amani kabisa, kwa kuwa wenye maswali hawapo, na ukirudiwa kila mwaka hivyo watu watajua ulikusudia. Kama tarehe haisogei, wenyeviti wa vitongoji wateremke na taarifa ya mapato na matumizi, waisome kule kule, wachukue maswali kwa maandishi na kuyaleta mezani. Majibu nayo yateremke vivyo hivyo kabla mavuno hayajaisha.