Laivu Inakatika Ukiwa Stoo? Angalia Waya wa Dishi wa Zamani Kabla ya Kuongeza Kifurushi

Somo la leo ni la wewe unayeuzia nyumbani. Mzigo uko chumba cha nyuma au stoo, ruta ya intaneti iko sebuleni, na katikati kuna kuta tatu za tofali. Unaingia laivu, watu wanaanza kuuliza bei, picha inaganda. Inaporudi, nusu ya watazamaji wameshaondoka. Mteja mwingine katuma hela, anasubiri umthibitishie, na meseji yako inazunguka tu haiendi.

Hapo wengi wanakimbilia kuongeza kifurushi. Mara nyingi hela hiyo inaenda bure, kwa sababu tatizo halipo kwenye kampuni ya intaneti. Lipo kwenye zile mita 10 au 15 za mwisho, ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Habari njema ni kwamba nyumba nyingi tayari zina waya uliopita njia hiyo: ule waya mnene wa dishi au antena, mweusi au mweupe, ambao hautumiki tena. Jina lake la kitaalamu ni kebo ya koaksiali. Unaweza kuufanya kuwa njia ya intaneti ya waya. Ila kuna masharti, na usipoyajua utanunua vifaa visivyofanya kazi. Twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: PIMA KWANZA, USINUNUE KITU

Chukua simu unayofanyia laivu. Simama mita 1 au 2 kutoka kwenye ruta, pima kasi ya intaneti, kisha andika namba mbili: kasi ya kushusha na kasi ya kupakia. Nenda stoo na simu hiyohiyo, pima tena. Rudia mara tatu, na mara moja iwe ni ule muda wa jioni unaouza sana.

Majibu yanasomwa hivi:

- Karibu na ruta ni nzuri, stoo ni mbovu: Wi-Fi inashindwa kuvuka kuta. Somo hili ni lako.
- Kote ni mbovu: waya hautakusaidia. Pambana na kampuni yako ya intaneti au badilisha kifurushi.
- Kote ni nzuri lakini laivu inakatika: angalia simu yenyewe, au watu wa nyumbani wanaopakia na kushusha mavideo wakati uko hewani.

Angalia sana namba ya kupakia, maana laivu inatoka kwako kwenda kwa wateja. Laivu ya ubora wa 720p kwa kawaida inataka kama Mbps 3 hadi 5 za kupakia, tena zisizoyumba. Ukiwa na 15 karibu na ruta na 1 stoo, kifurushi unacho. Kinapotelea ukutani.

Kwa nini? Wi-Fi ya 5 GHz ni ya kasi ila inachoka haraka ikikutana na tofali na zege. Ile ya 2.4 GHz inapenya zaidi, lakini mtaani kila jirani anaitumia, kwa hiyo wanagongana. Na kile kifaa cha kurudia mawimbi kinachochomekwa ukutani, ukikiweka stoo ambako mawimbi yameshachoka, kitarudia hayohayo mawimbi yaliyochoka. Waya hauna shida hiyo. Ukuta kwake si kitu.

HATUA YA 2: UJUE WAYA WAKO

Usipande juu ya paa kabla hujajibu maswali haya manne.

Unatoka wapi, unakwenda wapi? Waya wa dishi kwa kawaida unatoka nje na kuishia sebuleni. Peke yake haukufikishi stoo. Lakini kama zamani kulikuwa na TV mbili, yaani nyaya mbili zinazotoka kwenye dishi moja, moja ya sebuleni na nyingine ya chumbani, una bahati. Nyaya hizo zikifunguliwa kwenye dishi na kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa kiungio kidogo cha kuskrubu, zinakuwa njia moja ya sebuleni mpaka chumbani. Kiungio ni cha bei ndogo, fundi dishi yeyote anacho. Mwambie akiweke ndani ya dari, siyo nje kwenye mvua.

Ni wa aina gani? Soma maandishi kwenye ganda lake. Ukiona RG6 na 75 ohm, ni mzuri. RG59 ni mwembamba zaidi na ulitumika sana kwenye kamera za ulinzi. Nao unaweza kufaa kwa umbali mfupi.

Ni mzima? Fundi mwenye mita anapima kwa dakika chache kama umekatika katikati au nyaya zake mbili za ndani zimegusana. Shaba ya katikati ikiwa imegeuka kijani, akate kipande hicho mpaka afike penye shaba inayong'aa, kisha afunge kichwa kipya.

Kuna kinachoutumia sasa? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Tutalirudia.

HATUA YA 3: JARIBU NJIA RAHISI KWANZA

Kama waya umepita ndani ya bomba la plastiki ukutani, na unacheza ukiuvuta kidogo, usinunue adapta yoyote. Utumie kama kamba. Funga waya wa mtandao, Cat5e au Cat6, kwenye mwisho mmoja wa waya wa zamani, zungushia selotepu vizuri pasiwe na nundu, kisha mtu mmoja avute taratibu upande wa pili huku mwenzake akisukuma. Waya wa zamani unatoka, mpya unaingia.

Waya wa mtandao unafanya kazi mpaka mita 100 bila kifaa cha katikati, na hautumii umeme wake. Kwa nyumba ya kawaida, hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Bomba likiwa ni lile lenye nyaya za umeme, mwite fundi umeme. Usilivutie wewe, na waya wa mtandao usikae bomba moja na umeme.

Lakini nyumba nyingi waya umepigiliwa misumari ukutani, umepakwa plasta juu, au umepita kona nne. Hauvutiki. Hapo ndo tunakwenda njia ya pili.

HATUA YA 4: ADAPTA ZA MoCA

Mwaka 2004, kampuni za vifaa huko Marekani ziliunda umoja wa kuweka kanuni za kupitisha data kwenye kebo ya koaksiali. Sababu ilikuwa wazi: nyumba nyingi za kule zilishawekewa kebo ya TV vyumbani, na watu hawakutaka kuchimba kuta upya. Kanuni hizo zinaitwa MoCA. MoCA 2.0 ilitoka 2010. MoCA 2.5, iliyotoka 2016, inaweza kufika Mbps 2,500 kwenye waya. Kwako wewe mwenye kifurushi cha Mbps 20 au 50, yoyote kati ya hizo inatosha na kubaki.

Unahitaji adapta mbili, moja kila upande. Moja peke yake haifanyi kitu. Zinaungwa hivi:

1. Sebuleni: waya mfupi wa mtandao kutoka kwenye ruta kwenda kwenye adapta ya kwanza.
2. Waya wa koaksiali unaskrubiwa kwenye adapta hiyo.
3. Stoo: mwisho wa pili wa koaksiali unaskrubiwa kwenye adapta ya pili.
4. Waya mfupi wa mtandao unatoka kwenye adapta ya pili kwenda kwenye kompyuta au kifaa chako cha Wi-Fi.

Adapta zikipata umeme, taa ya koaksiali inawaka kuonyesha kwamba zimeonana. Hakuna namba ya siri ya lazima, hakuna programu ya kupakua. Umbali wa mpaka takriban mita 90 ni wa kawaida kwake.

Kabla hujaagiza, soma lebo ya chaja yake. Nyingi zimetengenezwa kwa soko la Marekani. Zikiandikwa 100–240V utahitaji kubadilisha plagi tu. Zikiandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza chaja siku ya kwanza.

HATUA YA 5: MASHARTI YANAYOWAFELISHA WENGI

Waya wa dishi linalofanya kazi, usiuguse. Ishara ya dishi inashuka kwenye waya kati ya megahezi 950 na 2,150. Adapta nyingi za MoCA zinaongea kati ya 1,125 na 1,675, yaani katikati ya njia ileile. Zitagombana: TV itaganda na intaneti itayumba. Zaidi ya hapo, king'amuzi kinapeleka umeme wa volti 13 au 18 kwenda kwenye dishi kupitia waya huohuo, na umeme huo unaweza kuharibu adapta. Kama bado mnaangalia mpira kupitia dishi hilo, tafuta waya mwingine.

Antena ya kawaida ni tofauti. TV ya antena iko chini ya megahezi 900, haigongani na MoCA. Ila kama antena ina busta inayopata umeme kupitia waya, rudi kwenye sheria ya juu: usichanganye.

Ogopa spilita za zamani. Spilita ya TV iliyoandikwa 5–1000 MHz haijatengenezewa MoCA. Kilicho bora ni waya mmoja mzima, mwanzo mpaka mwisho, bila kugawanywa.

Ukikaa gorofa lenye TV au intaneti ya kebo. Nairobi, Mombasa na miji mingine, kuna majengo ambako kebo ya koaksiali inaingia kutoka mtaani na kugawanywa kwa kila nyumba. Ishara yako inaweza kutoka mpaka kwa jirani. Kuna kichujio kidogo kinachofungwa pale kebo inapoingilia nyumbani ili kuizuia. Kifunge, na uwashe nenosiri la adapta kama lipo. Una namba na anwani za wateja wako humo, siyo kitu cha kuacha wazi.

Radi. Waya wowote unaobaki umefika juu ya paa ni mlango wa radi. Ukishaacha kutumia dishi, ufungue kabisa upande wa dishi. Njia yako ya intaneti ibaki ndani ya nyumba.

Nyumba ya kupanga. Mwombe mwenye nyumba kabla ya kufungua chochote, hasa kama dishi ni lake au mnachangia.

HATUA YA 6: SIMU INAPATAJE?

Utauliza, mimi natumia simu, waya nauchomeka wapi? Kuna majibu mawili.

La kwanza, adapta ndogo ya kuchomeka kwenye simu yenye tundu la USB-C na kupokea waya wa mtandao. Simu nyingi za Android zinaikubali, ila ijaribu dukani kabla ya kulipa. Hii inafaa laivu ya kukaa sehemu moja.

La pili, ruta ya zamani iliyolala kabatini. Ingia kwenye mipangilio yake, zima DHCP, ipe anwani tofauti na ya ruta kubwa, kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN badala ya lile la WAN. Ruta nyingi zina sehemu ya kuchagua "Access Point", ambayo inakufanyia yote hayo. Kwenye 2.4 GHz, zitumie chaneli tofauti kati ya 1, 6 na 11. Sasa stoo ina Wi-Fi yake, inayolishwa na waya. Hata ruta yenye tundu la Mbps 100 inatosha kwa kifurushi cha 50.

HATUA YA 7: PIGA HESABU YA BIASHARA

Kifaa ni gharama, na gharama lazima irudi. Jumlisha adapta mbili, usafirishaji, ushuru na fundi. Gawa kwa faida yako halisi ya oda moja. Mfano tu: jumla ikiwa shilingi 350,000 na faida ya oda ni 7,000, unahitaji oda 50 za ziada ili hela irudi. Laivu zikikupotezea oda 5 kwa wiki, ni wiki 10. Zikikupotezea oda 1 kwa wiki, ni karibu mwaka mzima, na pengine kuhamishia meza ya laivu karibu na ruta ni uamuzi bora kuliko waya wowote.

Na kama kuna njia wazi ya mita 15 pembeni ya ukuta, nunua waya wa mtandao wa kawaida na klipu zake, umalize. MoCA ni ya yule ambaye ukuta umemkatalia.

KAZI YAKO YA LEO

Usiagize chochote. Pima kasi sehemu mbili, andika namba. Fuata nyaya zote za TV nyumbani kwako, zinaanzia wapi na kuishia wapi, na uandike ipi inatumika na ipi imelala. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, fundi hatakubabaisha, na muuza vifurushi hatakuuzia kasi ambayo ukuta wako utaila.

Mwenzako anayelalamika kila siku kwamba laivu inaganda, mtumie somo hili kabla hajalipia kifurushi kikubwa zaidi.