SOMO: MISINGI YA SHERIA YA AFYA YA AKILI

Watumishi wa umma na wananchi wa Kirua Vunjo, Wilaya ya Moshi, wanakumbushwa kuwa kuugua akili si kosa, wala hakumwondolei mtu haki zake. Misingi mitatu ifuatayo yafaa ifahamike na kila kaya.

1. Uhuru. Ibara ya 15 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inakataza mtu kufungiwa ila kwa hali na utaratibu uliowekwa na sheria. Kwa mgonjwa wa akili, utaratibu huo umo katika Sheria ya Afya ya Akili, Na. 21 ya mwaka 2008. Mgonjwa anaweza kulazwa kwa hiari yake. Asiporidhia, hulazwa kwa kufuata masharti ya sheria hiyo tu. Basi ndugu amfungaye mgonjwa kamba chumbani, hata kwa nia ya kumlinda, anamnyima uhuru na tiba kwa pamoja.

2. Tiba karibu na nyumbani. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1927, na kwa miaka mingi wagonjwa walisafirishwa mbali na jamaa zao. Katika miaka ya 1980, Mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro ilitangulia kujaribu mpango wa taifa wa kufikisha huduma hiyo hadi kwenye zahanati. Sababu yake ni kwamba atibiwaye akiwa kwao hubaki miongoni mwa watu wake, lakini akaaye mbali muda mrefu hurejea akiwa mgeni.

3. Mali. Mgonjwa akishindwa kusimamia mali yake, ni mahakama, wala si kikao cha ukoo, yenye mamlaka ya kuweka msimamizi. Naye huitunza kwa manufaa ya mgonjwa. Kwa hiyo kugawana kihamba cha ndugu aliyelazwa ni kumdhulumu. Mtu huyo akipata nafuu, atarudi kulima wapi?

Afisa Mtendaji wa Kijiji apatapo habari za mgonjwa aliyefungiwa, asiishie kusuluhisha ugomvi wa familia. Ahakikishe mgonjwa anafikishwa kwenye tiba, na Afisa Ustawi wa Jamii anaarifiwa. Majirani nao wanaombwa wasinyamaze.