Usafishaji Salama wa Mawe Asilia Nyumbani

Njombe na Makambako, kama kwingineko nchini, neno marumaru hutumika kwa vitu viwili: vigae vya kiwandani na jiwe la marumaru lenyewe. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa jiwe la marumaru huliwa na asidi. Limau, siki na dawa za choo zenye asidi huliondolea mng'ao, na mng'ao huo haurudi kwa sabuni, bali kwa fundi kulisugua upya kwa gharama.

Kabla ya kusafisha, tunashauri udondoshe tone la siki mahali pasipoonekana, kisha ulifute. Likitoa mapovu au kuacha alama iliyofifia, epuka asidi kabisa.

Hatua za kufuata:

1. Fagia kwanza, mchanga hukwaruza jiwe.
2. Piga deki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo.
3. Suuza na ukaushe kwa kitambaa.
4. Chai, mafuta au maji ya matunda yakimwagika, futa papo hapo.

Tahadhari: usichanganye kamwe dawa ya klorini na dawa yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayodhuru macho na mapafu. Katika baridi ya Juni na Julai wengi wetu hufunga madirisha, yafungue unaposafisha. Ukianza kukohoa au macho kuwasha, toka nje mara moja na uende kituo cha afya.

Usinunue dawa isiyo na lebo: hutajua kama ina asidi au klorini.