Kabla Hujanunua Simu ya Wino

Saa saba mchana pale kituo cha Mwenge, Dar es Salaam, utawaona watu wamekinga vioo vya simu kwa viganja, shingo wamezipinda, wanatafuta kivuli wapate kusoma ujumbe mmoja. Mimi hapo husoma bila taabu. Kadiri jua linavyowaka ndivyo maandishi ya simu yangu yanavyokolea, kama yaliyopigwa chapa gazetini. Jioni ya siku hiyohiyo dada yangu akinipigia kwa video namwona kama mtu anayepita nyuma ya pazia, hana rangi, na mdomo wake unachelewa nyuma ya sauti. Simu ni ileile. Nimekaa nayo karibu miaka miwili, na wanaoniuliza kama wanunue hawaishi. Nawajibu hapa kwa mpangilio ambao ningeshukuru kuupata kabla sijatoa pesa yangu.

Hatua ya kwanza: kielewe kioo chenyewe

Ukishaelewa hili, mengine mengi utayakisia mwenyewe. Ndani ya kioo cha wino wa kielektroniki kuna vifuko vidogo mno, upana wake unakaribia unene wa unywele. Ndani ya kila kifuko zinaelea chembe nyeupe na chembe nyeusi, za rangi moja zikiwa na chaji chanya na za pili hasi. Umeme ukipita, hizi zinapanda juu na zile zinazama. Zikishatulia zinabaki hapohapo hata umeme ukikatwa. Ufundi huu ulitoka chuo cha MIT huko Marekani, kampuni ya E Ink ikaanzishwa 1997 kuuendeleza, na tangu 2009 kampuni hiyo iko mikononi mwa Wataiwani. Vioo vya Kindle, vile vifaa vya kusomea vitabu, vinatoka kwao.

Hapo ndipo faida na hasara zote zinapozaliwa. Kioo hakiwaki chenyewe; kinarudisha mwanga kinaoupata, kama karatasi, na ndiyo maana jua ni rafiki yake. Lakini chembe zile lazima ziogelee ndani ya kimiminika, na kuogelea kunachukua muda. Chochote kinachotulia, kama maandishi, kitapendeza. Chochote kinachotembea kitaumia. Tena chembe nyingine huwa hazifiki zilikotakiwa, hivyo kivuli cha picha iliyopita kinabaki chini ya picha mpya mpaka kioo kifutwe chote kwa kumweka mara moja kwa weusi na weupe.

Hatua ya pili: jaribu wiki nzima bila kutoa hata shilingi

Chukua simu uliyonayo. Ingia kwenye mipangilio, tafuta Ufikivu, halafu sehemu ya kurekebisha rangi, uigeuze yote iwe ya kijivu. Hapohapo kwenye Ufikivu zima miondoko ya kioo. Kisha ishi nayo siku saba, ukiwa na daftari. Kila unapolazimika kurudisha rangi, andika ni kwa nini.

Jaribio hili halitakuonyesha ule uzito wa kioo cha wino, lakini rangi zitasema mengi. Mimi niligundua kwamba tiki za bluu za WhatsApp zinalingana kabisa na zile ambazo hazijasomwa. Kwenye ramani, barabara iliyofungana kwa foleni na iliyo wazi zinafanana. Jirani yangu anauza vitenge, na wateja wake humtumia picha wakiuliza kama anacho kilekile chenye njano iliyoiva. Yeye alimaliza jaribio siku ya pili asubuhi, na nilimwambia amefanya vyema. Anayepokea picha za upele wa mtoto, anayekagua rangi za nguo au za ukuta, anayeishi kwa kutengeneza video: hao wote simu ya wino haiwezi kuwa simu yao ya pekee.

Wapo watakaofikia siku ya saba daftari likiwa karibu tupu. Walimu wanaosahihisha insha, wahariri, wanafunzi wa sheria, watu wa dini wanaosoma maandiko kila alfajiri. Hao waendelee mbele.

Hatua ya tatu: amua unataka simu ya namna gani

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu jina ni moja na vitu ni vingi.

Kuna kifaa chenye umbo la simu kisicho simu. Boox Palma, iliyotoka 2023, ina kioo cha inchi 6.13 na inatumia Android, lakini haina mahali pa kuweka laini. Unaiunganisha na intaneti ya simu yako nyingine. Kwa mtu anayetaka kusoma tu, huu ndio ushauri wangu wa kwanza: abaki na simu yake ya kawaida kwa kazi zake, na kifaa hiki kiwe cha kusomea. Lakini usitegemee kupiga namba za pesa kama *150*00# au *334# kwenye kifaa kisicho na laini.

Kuna simu kamili ya Android yenye kioo cha wino, kama Bigme HiBreak Pro ya 2025. Inapiga, inapokea, inafungua programu karibu zote. Hii ndiyo inayovutia, na ndiyo yenye mitego mingi, kwa kuwa itakufungulia hata programu zisizofaa kioo chake, nawe utakasirika na kioo kisicho na kosa.

Kisha kuna simu za kupunguza mambo kwa makusudi. Light Phone II ya 2019 ilikuwa na kioo cha wino na programu chache mno. Mudita Kompakt ya Poland, ya 2025, inaenda njia hiyo na haina huduma za Google. Programu nyingi za benki hukataa kufunguka mahali pasipo na huduma hizo, kwa hiyo uliza benki yako kwanza. Uangalie pia kwamba Light Phone III, iliyoanza kuwafikia wanunuzi 2025, imeuacha wino na kurudi kwenye kioo cha OLED, japo cha nyeusi na nyeupe. Watengenezaji wake, waliojitolea kuupenda wino miaka yote hiyo, waliona ucheleweshaji wake umezidi. Nadhani hilo lifikiriwe kabla ya kusifu.

Vioo vya rangi vipo. Kile kinachoitwa Kaleido 3 kinatoa rangi 4,096, zilizofifia kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, na kichujio cha rangi hufanya weupe wa karatasi uwe kijivu hata unaposoma maandishi matupu. Kwa msomaji, mimi nashauri nyeusi na nyeupe. Na muuzaji akikuonyesha simu ya NXTPAPER ya TCL akisema ni karatasi, fahamu kwamba ni kioo cha kawaida kilichopunguzwa mng'ao. Ni kizuri kwa njia yake, ila si wino.

Hatua ya nne: hakikisha itashika mtandao na haitafungiwa

Simu hizi karibu zote utaziagiza nje. Kabla ya kulipa, linganisha masafa ya 4G yaliyoandikwa kwenye maelezo ya simu na yale ya kampuni yako ya mtandao. Angalia hasa namba 3, 20 na 28, kwa maana simu zilizotengenezwa kwa soko la China mara nyingi hazina zote. Muombe muuzaji namba ya IMEI. Kwa walio Tanzania, itume kwenda 15090 ujue kama inatambulika. Tanzania ilizima simu bandia Juni 2016, na Kenya ilishafanya hivyo 2012, kwa hiyo kosa hapa linaweza kukuachia kifaa kisichopiga. Weka pia pembeni hela ya usafirishaji na ushuru.

Hatua ya tano: ipange siku ileile inapofika

Zima mandhari meusi. Kwenye vioo vingine husaidia. Hapa huongeza vivuli na kukulazimisha kuwasha taa ya kioo. Kuza herufi na uzinenepeshe. Ondoa picha ya nyuma, weka weupe mtupu. Badilisha vitufe vya sauti viwe vya kugeuza ukurasa, uache kuburuza kwa kidole, maana kuburuza ndiko kunakochafua kioo.

Simu nyingi za aina hii hukuruhusu kuchagua, kwa kila programu, kama kioo kiwe chepesi au kiwe safi. Wepesi uupe WhatsApp na kibodi. Usafi uupe vitabu, na tafadhali, uupe kila kitu kinachohusu pesa. Mwaka jana nilikuwa nimeacha wepesi kwenye programu ya kutuma fedha. Kivuli cha 8 kilibaki juu ya 3, nikahakiki namba kwa haraka, na pesa ya ada ikaenda kwa mtu nisiyemjua. Ilirudi baada ya siku nne za kubembeleza. Tangu siku hiyo nafuta kioo kabla ya kubonyeza kuthibitisha, na jina la mpokeaji nalisoma kwa sauti.

Nyaraka za PDF za ukubwa wa A4 zitakuwa na herufi kama chawa. Tafuta toleo la EPUB, au tumia programu inayopanga upya maandishi yaendane na kioo.

Hatua ya sita: tegemea chaji ya kweli, na itunze

Watu wanatarajia wiki kadhaa kwa sababu Kindle hukaa wiki kadhaa. Kindle haitafuti mnara wala haipokei ujumbe wa magrupu manane. Kioo cha simu hii kinakula umeme kidogo kinapotulia, lakini laini, intaneti na taa vinakula kama kawaida. Yangu hunipa siku mbili, tatu nikiwa nasoma zaidi ya kuchati. Kuhusu macho, mchana ninapumzika kweli. Usiku ukiwasha taa ya pembeni ya kioo bado unaangalia mwanga, basi ipunguze na uchague mwanga wa rangi ya joto.

Chini ya wino kwa kawaida kuna bamba la glasi jembamba sana. Simu usiikalie, usiisukume kwenye mfuko wa nyuma, usiiache kwenye dashibodi ya gari. Fundi wa Kariakoo atakubadilishia kioo cha simu ya kawaida ukisubiri, lakini cha hii hanacho. Kampuni zenyewe huondoka: YotaPhone ya Urusi, yenye kioo cha wino mgongoni, iliingia sokoni 2013 kwa kelele nyingi, na kufikia 2019 kampuni yake ilikuwa imefilisika. Nunua kava siku ileile unayonunua simu, na kama wanauza kioo cha akiba, kinunue.

Simu ya zamani usiiuze. Yangu inakaa kwenye droo ya jikoni, naichaji kila Jumamosi, na Jumapili jioni naitoa ili nimwone dada yangu na wanawe.